Fundi wa sufuria auliza: matundu kwenye kengele za kale za Japani ni ya nini?

SWALI: Mtaalamu, shikamoo. Mimi ni fundi wa Morogoro, nasubu sufuria za alumini kwa kalibu za mchanga, kazi niliyofundishwa na mjomba. Kijana wangu amenionyesha kwenye simu picha za kengele za shaba za Japani, wanasema zina miaka kama elfu mbili, na nyingine ni ndefu kama mtoto wa darasa la tatu. Nina maswali. Yale matundu ya pembe nne juu na ubavuni ni ya nini? Kwangu chombo chenye tundu ni chombo kilichoharibika. Shaba yenyewe waliitoa wapi? Halafu nasikia karibu zote zilikutwa zimefukiwa milimani. Mtu asubu kitu kama kile, kisha akifukie? Na mwisho, nikitaka kusubu ndogo ya mapambo nijaribu kuuza, nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, fundi. Wanaosimama mbele ya kengele hizi kwenye makumbusho huangalia nakshi, wakapiga picha, wakaondoka. Wewe umeona matundu kwa sababu mikono yako inaijua kazi, na mimi nitaanza na hayo hayo matundu, maana ukiyaelewa umeshaelewa nusu ya habari.

Kengele hizi Wajapani wanaziita dotaku. Zinazojulikana mpaka sasa ni kama 500. Umbo lake si la kengele ya kanisa. Ni kama bomba lililobanwa likawa bapa kidogo, jembamba juu na pana chini, lina mshikio wa duara juu yake, na pembeni limeota mapezi mawili yanayoshuka mpaka chini. Ukuta wake mara nyingi ni milimita mbili, tatu, nne hivi. Hapo naamini umeshtuka, kwa sababu unajua maana ya kusubu kitu cha milimita tatu chenye kimo cha nusu mita na zaidi.

Ili kengele iwe na uwazi ndani, lazima ndani ya kalibu kuwe na kiini cha udongo. Nafasi iliyobaki kati ya kiini na kalibu ndiyo unene wa kengele. Sasa kiini hicho nani anakishika kisiyumbe? Kikisogea milimita mbili tu, upande mmoja unakuwa mnene na upande wa pili shaba haipiti kabisa. Kwenye alumini tatizo hili ni dogo, kwa sababu alumini iliyoyeyuka si nzito sana kuliko udongo. Lakini shaba iliyochanganywa na bati ina uzito wa zaidi ya mara 8 ya maji, na udongo mkavu ni kama mara 2 tu. Ukiimimina, kiini kinataka kuelea kama boya. Kinasukumwa juu na kwa nguvu.

Basi mafundi wale waliacha vibonge vidogo vya udongo vilivyotokeza kwenye kiini, vikagusa kalibu ya nje, vikashikilia ile nafasi. Viwili huwa juu karibu na mshikio, vingine kwenye mbavu sehemu ya juu, vingine chini kwenye ukingo wa mdomo. Shaba ilipojaa ilivizunguka, na ulipotolewa udongo pakabaki tundu. Kwa hiyo tundu lile halikuwa kosa la fundi. Ni alama ya mahali alipokishikia kiini. Ukipata nafasi ya kuona dotaku nyingi kwa pamoja utagundua matundu yako mahali palepale kwa karne nyingi, hata kwenye zile zilizopambwa kupita kiasi. Wangeweza kuyaziba. Walizoea, ikawa ndiyo sura ya kengele.

Dalili nyingi zinaonyesha kwamba walimimina kengele ikiwa kichwa chini, mdomo juu. Shaba iliingilia upande wa mdomo, ikashuka mpaka kwenye mshikio. Na mapezi yale ya pembeni yanapita palepale kalibu mbili zilipokutana. Wewe sufuria ikitoka na ukingo wa alumini iliyovuja pale pa kuungania unaukata kwa tupa. Wao pale pale penye maungio ndipo walipopafanya pambo.

Kalibu zenyewe mwanzoni zilikuwa za jiwe laini. Katika eneo la kale linaloitwa Higashi-Nara, mji wa Ibaraki, mkoa wa Osaka, miaka ya 1970 zilichimbuliwa kalibu za mawe za dotaku pamoja na midomo ya udongo ya mivukuto. Ile ilikuwa karakana hasa. Fundi alichonga nakshi ndani ya jiwe kwa kinyume, mchoro ukizama kwenye jiwe unainuka kwenye kengele. Ndiyo maana picha zote kwenye dotaku za zamani ni mistari iliyoinuka.

Jiwe lina faida usiyoipata kwenye mchanga: linatumika tena. Kalibu moja ilizaa kengele mbili, tatu, hata zaidi, na wataalamu wa Japani wanaziita ndugu wa kalibu moja. Na jiwe likipata moto mara kwa mara linapasuka. Ufa unaonekana kwenye kengele kama mstari mwembamba usio wa nakshi, na kengele inayofuata mstari ule ni mrefu zaidi. Kwa hiyo mtu leo anaweza kuziweka kengele mbili mezani, moja imechimbwa mkoa huu na nyingine mkoa ule, akasema hii ilisubiwa kwanza na hii baadaye. Kengele zilizotoka kwenye kalibu za Higashi-Nara zimetambuliwa Kagawa, ng'ambo ya bahari ya ndani, na nyingine Toyooka, kaskazini mwa mkoa wa Hyogo. Mimi sijaona ushahidi mzuri zaidi wa biashara au wa undugu kati ya vijiji vya watu wasiojua kuandika.

Baadaye wakaacha jiwe wakatumia kalibu za udongo, kama zile ambazo mabaki yake yamekutwa Karako-Kagi, mkoa wa Nara. Kalibu ya udongo unaivunja kila ukisubu, hakuna ndugu. Ila udongo unachonga kirahisi na unaweza kuukuza. Hapo ndipo kengele zilipoanza kurefuka. Ile unayoifananisha na mtoto wa darasa la tatu ilikutwa Oiwayama, mkoa wa Shiga, mwaka 1881, na sasa iko katika makumbusho ya taifa Tokyo. Ina kimo cha sentimita 134.7 na uzito wa zaidi ya kilo 45. Za mwanzo kabisa zilikuwa kama sentimita 20, za kubeba kwa mkono mmoja.

Usidhani walikuwa hawakosei. Kengele nyingi zina mahali shaba haikufika, na fundi aliziba kwa kumimina nyingine juu ya ile ya kwanza, kisha baadhi wakachonga upya mistari ya nakshi kwenye kiraka ili kisionekane. Kinaonekana. Ukiweka taa kwa pembeni kinaonekana vizuri kabisa, na nakiri kwamba viraka vile vinanifurahisha kuliko nakshi zote.

Sasa shaba. Hapa lugha yetu inatuchanganya kidogo, kwa sababu neno shaba tunalitumia kwa nyekundu ya nyaya za umeme, kwa njano ya mabomba, na kwa hii ya kengele. Ya kengele ni shaba nyekundu iliyochanganywa na bati na risasi. Nikisema bati namaanisha madini yenyewe, kama yale yanayochimbwa Kyerwa, siyo mabati ya kuezekea, ambayo ni chuma kilichopakwa zinki. Bati linaishusha joto la kuyeyukia: shaba tupu inahitaji nyuzi 1085, ukiongeza bati la kutosha inateremka mpaka karibu 950. Pia bati linaifanya iwe ngumu na iwe na mlio. Risasi inaifanya itiririke vizuri kwenye nafasi nyembamba. Na usiiwazie ile rangi ya kijani unayoiona pichani. Kijani ni kutu ya miaka ardhini. Siku ilipotoka kwenye kalibu iling'aa karibu na dhahabu.

Na ilitoka wapi? Jibu fupi ni kwamba haikuwa ya kwao. Ufundi na malighafi vilivuka bahari kutoka rasi ya Korea, pamoja na watu. Huko Korea kulikuwa na vikengele vidogo vya shaba, na dotaku ni wajukuu wake. Mabaki ya shaba ya mwanzo kabisa huko Japani yako kaskazini mwa kisiwa cha Kyushu, upande unaoitazama Korea, na kalibu zimekutwa kwa wingi eneo la Suku, karibu na mji wa Fukuoka, palipokuwa kama mtaa mzima wa mafundi.

Tunajua vipi kwamba madini yenyewe ni ya nje? Kwa ile risasi. Risasi ina aina ndogondogo za atomi zenye uzito tofauti, na uwiano wake hutegemea mwamba ilikotoka. Haubadiliki ukiiyeyusha, ukiichanganya na shaba, ukiifukia miaka elfu mbili. Watafiti wa Japani, hasa Mabuchi Hisao na Hirao Yoshimitsu, walipima mamia ya vitu vya kale. Vile vya mwanzo vinaelekea rasi ya Korea. Vya baadaye vinaelekea kaskazini mwa Uchina ya enzi ya Han. Na dotaku kubwa za mwisho vipimo vyake vimerundikana mahali pamoja padogo, kana kwamba wote walichota kwenye ghala moja. Yaani mafundi wale walifanya kama unavyofanya wewe: wakipata malighafi au vyuma chakavu vilivyoletwa na wengine, wakaviyeyusha, wakasubu chao. Machimbo yao wenyewe yalikuja baadaye sana. Mwaka 708 BK, shaba nzuri ilipopatikana Chichibu, ikulu ilifurahi mpaka ikabadilisha jina la enzi na kuiita Wado, likiwa na maana ya shaba ya Japani, na sarafu zikatolewa. Hesabu mwenyewe: watu walisubu shaba miaka mia kadhaa, wengine wakaisahau kazi ya kengele kabisa, ndipo nchi ikaanza kuchimba ya kwake.

Hapo kuna jambo ninalotaka uliangalie kwa makini, kwa sababu ndilo linalofungua swali lako la tatu. Nchi nyingi zilianza na shaba, zikakaa nayo muda mrefu sana kwa mashoka, mapanga na patasi, kisha chuma kikaja. Japani haikupata muda huo. Shaba na chuma viliingia karibu pamoja, katika enzi wanayoiita Yayoi, ya wakulima wa mpunga wa majaruba, karne za mwisho kabla ya Kristo. Chuma kikachukua kazi ya kukata. Shaba, ambayo ni ghali, ya kigeni na inayong'aa, ikabaki bila kazi ya mikono, ikapewa kazi ya ibada.

Ukifuata silaha unaliona hili wazi. Panga, mikuki na majambia ya shaba yaliyofika kutoka Korea yalikuwa membamba na makali, ya vita. Yale yaliyosubiwa Japani yalianza kupanuka. Kizazi baada ya kizazi yakawa mapana, mepesi, butu, mpaka mkuki wa shaba wa Kyushu ukawa na urefu wa zaidi ya sentimita 80 na hauwezi kutoboa hata tikiti. Ni mkuki wa kuonwa.

Kengele nazo zilipita njia hiyo hiyo. Za mwanzo zilipigwa kweli. Ndani, karibu na mdomo, zina mstari ulioinuka ambao ulimi wa kengele uligonga, na kwenye nyingi mstari huo umelika. Mwaka 2015 kisiwani Awaji, zilionekana dotaku 7 ndani ya mchanga kwenye kiwanda cha kuchakata mchanga, ndogo zikiwa zimechomekwa ndani ya kubwa, na ndimi zake zikiwa bado zipo. Kwenye baadhi kulikuwa na alama za kamba iliyofungia ulimi. Fikiria mtu unaisafisha kengele halafu unaona uzi uliofungwa na mkono wa mtu wa kabla ya Kristo.

Za baadaye mshikio ukawa bapa, mwembamba, umejaa mapambo, haubebi uzito wa kengele yenyewe. Ule mstari wa ndani haukulika. Bati likapungua. Mwanaakiolojia Tanaka Migaku alilisema kwa maneno machache: kutoka kengele za kusikia kwenda kengele za kutazama.

Na baadhi zina picha za kutazama hasa. Kuna moja inayosemekana ilipatikana Kagawa, sasa iko Tokyo, uso wake umegawanywa vyumba 12 kwa pande mbili, na kila chumba kina picha: kasa, mjusi, vunjajungu, ndege wa miguu mirefu anayekula samaki, mtu anayemlenga kulungu kwa upinde, ghala lililoinuliwa kwa nguzo lenye ngazi. Na chumba kimoja kina watu wawili wamesimama mbele ya kinu, kila mmoja na mchi wake, wanapokezana kutwanga. Mama yako angeitambua picha ile bila kuelezwa. Ni mstari tu wa fundi kwenye jiwe, vichwa ni viduara, lakini unajua kabisa mchi upi unapanda na upi unashuka.

Picha hizi nyingi zinahusu shamba na ghala, ndiyo maana wengi wetu tunaamini kengele zilikuwa za ibada ya mavuno. Hazikuwa za mtu mmoja. Vioo vya kujitazamia na mapanga ya Kyushu, vyote vya shaba, vimekutwa makaburini, kichwani na kifuani mwa wakubwa. Dotaku haziko makaburini. Zilikuwa mali ya kijiji, au ya vijiji kadhaa.

Sasa kufukiwa. Kwa kawaida zimekutwa kwenye mteremko wa kilima, mbali kidogo na makazi, shimo dogo lisilo na kitu kingine, kengele imelazwa ubavu huku pezi moja juu na moja chini. Ulazaji huo unajirudia mkoa kwa mkoa. Basi si wezi walioficha mali, wala si mafuriko. Ni watu waliojua utaratibu.

Lazima nikusimulie ya Izumo, mkoa wa Shimane, maana hapo ndipo vitabu vya zamani vilipochanika. Kwa miaka mingi wanafunzi wa Japani walifundishwa kwamba kulikuwa na dunia mbili: magharibi, Kyushu, ya mikuki na mapanga, mashariki, pande za Nara na Osaka, ya kengele. Izumo haikuhesabiwa popote. Mwaka 1984, katika uchunguzi wa kawaida kabla ya kujenga barabara ya mashambani, mahali paitwapo Kojindani, wachimbaji walikuta mapanga ya shaba yamepangwa safu nne, makali yakiwa yamesimama: 34, 111, 120 na 93. Jumla 358. Mapanga yote ya aina ile yaliyokuwa yamepatikana Japani nzima kabla ya hapo hayakufikia idadi hiyo. Mwaka uliofuata, mita chache pembeni, wakakuta kengele 6 na mikuki 16 katika shimo moja. Dunia mbili zimelala pamoja.

Halafu Oktoba 1996, umbali wa kilomita tatu na kidogo, barabara nyingine ya mashambani, mahali paitwapo Kamo-Iwakura. Safari hii ni mashine iliyopiga kwanza. Zikatoka kengele 39, nyingi kuliko shimo lolote lililowahi kupatikana. Kubwa 20 za kama sentimita 45, ndogo 19 za kama sentimita 30, na ndogo zilikuwa zimeingizwa ndani ya kubwa kama sufuria dukani. Zile 26 kati yake zina ndugu wa kalibu moja, wengine hapo hapo na wengine mikoa ya mbali. Na jambo lililowaacha watu midomo wazi: baadhi ya kengele zina alama ya X iliyokwaruzwa kwenye mshikio, na alama hiyo hiyo iko kwenye vishikio vya mapanga 344 ya Kojindani. Mkono ule ule, au amri ile ile. Ukifika Izumo, makumbusho yaliyofunguliwa 2007 jirani na hekalu kuu yamepanga mapanga yote ukutani. Ukiyaona kwa pamoja maneno yanakupotea kidogo.

Kwa nini walifukia? Wapo wanaosema kengele zilihifadhiwa ardhini kama mbegu, zikafukuliwa kila msimu wa ibada, na siku moja hazikufukuliwa tena. Wapo wanaosema zilifukiwa mipakani kuzuia balaa au maadui. Wapo wanaosema zilifukiwa kwa pamoja ibada ilipokwisha, utawala mpya ulipokuja. Mimi naona kosa ni kutafuta jibu moja kwa miaka mia tatu na zaidi. Kulikuwa na mawimbi angalau mawili ya kufukia: kengele za zamani zilifukiwa mapema, pengine karne ya kwanza hivi, na zile kubwa za kutazamwa mwishoni mwa enzi ya Yayoi. La kwanza linaweza kuwa utaratibu wa ibada. La pili linanukia mwisho wa jambo, kwa sababu wakati huo huo baadhi ya kengele zilivunjwavunjwa vipande, na shaba haivunjiki kwa bahati mbaya. Mtu aliipasha moto akaipiga. Mara baada ya hapo, karne ya 3 BK, yanaanza makaburi makubwa kama vilima, na wakubwa wanazikwa na vioo vya shaba. Mali ya kijiji imetoka, mali ya mtawala imeingia. Kwenye kaburi moja tu la Kurozuka, mkoa wa Nara, lililochimbwa 1997 na 1998, kulikuwa na vioo 34 vimemzunguka marehemu.

Na watu walisahau kabisa. Mwaka 713 kengele moja ilifukuliwa Uda, nchi ya Yamato, ndiyo Nara ya leo, ikapelekwa ikulu. Kumbukumbu ya serikali inaeleza kimo chake, kama mita moja hivi, inasema umbo lake si la kawaida, na inasema mlio wake ulilingana na muziki. Waandishi wa ikulu hawakujua ni kitu gani. Wakati huo ni karne tano tu zilikuwa zimepita.

Nimalize na lako la kujaribu. Inawezekana, ila usiifanye kama alumini. Alumini inayeyuka kwa nyuzi 660, kwa hiyo chungu cha chuma kinakutosha. Shaba ya kengele unaimimina ikiwa na nyuzi 1100 hivi, na chungu cha chuma kitakuharibikia. Tafuta chungu cha udongo na grafaiti, makaa ya kutosha na feni nzuri.

Malighafi usichukue mabomba na koki chakavu. Hizo zina zinki, na zinki ikipata moto huo inatoa moshi mweupe unaompa mtu homa ya usiku mzima. Bushi za mashine nazo nyingi zina risasi nyingi. Wale wazee wa Japani waliivuta bila kujua, wewe unajua. Chukua nyaya za shaba, zimenye, usizichome plastiki, kisha ongeza bati safi kilo moja kwa kila kilo tisa za shaba. Bati litie mwisho, shaba ikishayeyuka, la sivyo jingi litaungua. Na hizo nyaya nunua penye risiti, maana nyaya za shaba huku kwetu zina kesi nyingi.

Kalibu ya mchanga wako wa kawaida ikaushe kuliko ulivyozoea, na kiini cha udongo kichome kabisa. Unyevu kidogo unaovumilika kwenye alumini, kwenye shaba unaweza kulipuka. Anza na kimo cha sentimita 20 na unene wa milimita tano, usijisifu kwa tatu. Ili kukipata kiini, jaza udongo ndani ya kalibu yako mpaka upate umbo kamili, utoe, uunyoe milimita tano kuzunguka kote, lakini vile vibonge usivinyoe: viwili kichwani, viwili kila ubavu, viwili kila upande wa ukingo wa chini. Fungia kalibu kwa waya na uiegemeze kwa mawe, mdomo juu, umimine kwa mkupuo mmoja bila kusita.

Ya kwanza itatoka na pengo. Usiitupe, iwekee kiraka kama walivyofanya wao, kisha nitumie picha, na tafadhali uipige ukiwa umeweka taa kwa pembeni.